Kuondoa Uvimbe wa Shahamu Chini ya Ngozi: Maelezo ya Upasuaji Mdogo na ya Lugha Anayoelezwa Mgonjwa wa Mabanga, Goma

Makala hii inahusu uvimbe mlaini unaoota chini ya ngozi, usiouma wala kutunga usaha, ambao matabibu huuita lipoma, na jinsi unavyoondolewa kwa kisu. Huenda msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili akastaajabu kukutana humu na habari za chumba cha upasuaji. Tumeona zifaa kwa sababu moja: upasuaji huu ni mdogo kiasi kwamba mgonjwa yu macho tangu mwanzo hadi mwisho, anasikia kila neno linalosemwa juu ya mwili wake, naye ndiye anayetakiwa kukubali au kukataa. Akubali nini, akatae nini, hutegemea maneno aliyopewa. Na mahali pengi maneno hayo hayajatengenezwa.

Tumechagua Mabanga. Hili ni jina la mitaa miwili, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, katika komini ya Karisimbi, ambayo pamoja na komini ya Goma ndiyo inayofanya mji wa Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini. Kwa ajuaye Kilingala mabanga ni mawe, na mawe kweli hayakosekani: sehemu kubwa ya mji umejengwa juu ya lava iliyoganda ya mlima Nyiragongo, ule uliomwaga moto hadi katikati ya mji mwezi Januari 2002 na kufika tena pembezoni mwake mwezi Mei 2021. Kiswahili ni lugha ya soko, ya barabara na ya nyumba nyingi za hapo, tena ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Lakini tabibu wa Goma amesomea kazi yake kwa Kifaransa. Maneno aliyofundishwa ya kuutaja uvimbe, utando, mshipa na mshono ni ya Kifaransa, ilhali mama aliyeketi mbele yake anauliza kwa Kiswahili. Mwenzake wa Muhimbili au wa Kenyatta yumo katika hali hiyo hiyo, ila kwake Kiingereza ndicho kilichokaa mahali pa Kifaransa.

1. Lipoma ni kitu gani

Chini ya ngozi ya kila binadamu, awe mnene au mwembamba, kuna tabaka ya shahamu. Kazi yake ni kuhifadhi nguvu, kuzuia baridi na kuukinga mwili na mapigo. Lipoma huanza pale ambapo seli za shahamu za mahali pamoja zinaongezeka kupita jirani zake, zikajikusanya kuwa donge, na donge hilo likajivika utando mwembamba mithili ya ngozi ya ndani ya kitunguu. Ndani ya utando huo hamna ila shahamu, ya manjano hafifu, iliyogawanyika vipande vipande. Haitofautiani sana na ile iliyo nje yake. Ni shahamu iliyojitenga.

Uvimbe wa namna hii ni wa kawaida mno. Hukadiriwa kuwa katika kila watu mia moja, mmoja anao, na huonekana zaidi kwa watu wa umri wa miaka 40 hadi 60. Mahali pake pa kupenda ni mgongoni, mabegani, shingoni, mikononi na kiunoni. Hukua polepole, kwa miaka, na mwingi hauzidi sentimita 5. Ukiushika unabonyea kama unga uliokandwa. Ukiusukuma ukingo wake kwa ncha ya kidole, unateleza na kukimbia. Matabibu wenye uzoefu huithamini sana ishara hii. Ngozi ya juu yake ni nzima, haikushikamana nao, haina wekundu wala joto.

Chanzo chake hakijulikani chote. Katika lipoma nyingi kumekutwa mabadiliko ya urithi ndani ya seli, hasa katika kromosomu ya 12, na zipo familia ambamo baba, shangazi na watoto wote wana vinundu kadhaa. Jambo moja linafaa kusisitizwa: lipoma haitokani na kula mafuta, wala haiyeyuki kwa kuacha kuyala. Tena mtu akikonda kwa njaa au kwa maradhi, shahamu ya mwili mzima huliwa, ile ya lipoma ikabaki palepale. Uvimbe ukaonekana umekua, kumbe ni mwili uliopungua. Katika mji uliopokea wakimbizi wa ndani kwa maelfu, waliofika wamekonda, jambo hili si la nadharia tu.

Kuna aina chache zinazouma, kwa mfano zile zenye mishipa mingi ya damu, na kuna maradhi adimu ambamo lipoma huota kwa wingi. Hatutaziingia hapa.

2. Tatizo la majina

Neno uvimbe ni pana kupita kiasi. Kifundo cha mguu kilichoteguka kina uvimbe, shavu la mwenye jino bovu lina uvimbe, na saratani ya titi nayo huitwa uvimbe. Mgonjwa akiambiwa kwamba ana uvimbe, hajaambiwa kitu asichokijua, kwani ndio uliomleta.

Jipu ni neno la hatari zaidi. Jipu ni usaha: linauma, linawaka, linaiva, kisha linatumbuliwa. Sheria yake inajulikana hata na watoto. Sasa lipoma ikishapewa jina la jipu, itatazamiwa kuiva. Isipoiva atatokea wa kuitumbua kwa wembe, na hapo hautatoka usaha bali damu, kwa sababu hamna majimaji ya kutoka. Utando utatobolewa, vijidudu vitaingia, na uvimbe uliokuwa hauna neno utakuwa jipu la kweli. Kosa la jina huzaa kosa la mkono.

Tezi nalo halifai. Tezi ni kiungo chenye kazi, na zile za shingoni, kwapani na kinenani, ambazo zikivimba huitwa mitoki, huvimba kwa sababu nyingine kabisa, zikiwamo kifua kikuu na maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kumwambia mwenye lipoma kuwa ana tezi ni kumpeleka kwenye mlango usio wake. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa kuwa mtoki wa kifua kikuu ukiitwa shahamu, mgonjwa ataachwa bila dawa.

Wengi husema uvimbe wa mafuta, nasi hatuna ugomvi nao ila kidogo. Mafuta ni ya kukaangia, ni ya kujipaka, ni ya taa na ya pikipiki pia. Msikilizaji huelekezwa moja kwa moja kwenye sufuria, akatoka akijilaumu kwa alichokula. Neno shahamu ni sahihi zaidi, maana ni mafuta ya mwilini, lakini Goma si neno la kila siku. Kwa hiyo tunaona heri tabibu aseme donge la mafuta ya mwili, au atumie mfano wa mafuta meupe yanayoshikamana na nyama buchani, ambayo kila anayekwenda sokoni ameyaona. Msomaji atatambua kwamba hapa hatutafuti istilahi ya kamusi, ambayo inaweza kubaki lipoma bila kumdhuru mtu. Tunatafuta maneno ya kusemwa kitandani.

Umbo la neno pia lina kazi. Kiswahili cha Kongo ya mashariki kinatumia sana kiambishi ka- cha kudunisha, na wingi wake tu-, pale ambapo Kiswahili sanifu kingetumia ki- na vi-. Mtu wa Goma ataweza kuita uvimbe wake kauvimbe, na ndani ya ka- hiyo mna udogo, mna dharau, pengine na matumaini. Tabibu anayesikia vizuri hatalipuuza neno hilo wala kuliitikia haraka. Udogo wa kiambishi haupimi udogo wa uvimbe.

Kisha kuna swali la jinsi ya kusema kwamba uvimbe huu si saratani. Kifaransa na Kiingereza vina kivumishi kimoja chenye asili ya wema, na mfasiri mvivu hukimbilia kusema uvimbe mwema, hata uvimbe mzuri. Nani aliyewahi kuona uvimbe mzuri? Wengine husema uvimbe usio na madhara, na hili nalo si kweli daima: lipoma iliyokaa juu ya mshipa wa fahamu ina madhara. Tunapendekeza uvimbe usiosambaa. Kinachoitenga lipoma na saratani ni hicho hasa, kwamba hukua ilipo, haivamii nyama za jirani, haipeleki mbegu zake mapafuni wala kwenye ini. Na mtu wa Goma, aliyezoea kulisikia neno la Kifaransa la saratani likitamkwa karibu na kansere, ataelewa usiosambaa bila kufafanuliwa.

3. Ni uvimbe gani uondolewe, na upi usiguswe ovyo

Lipoma nyingi hazihitaji kuondolewa. Vitabu vya upasuaji hutaja sababu chache zinazokubalika: inauma, inakua, inazuia kiungo kufanya kazi, imekaa mahali panapomwaibisha mwenyewe, au kuna shaka juu ya aina yake. Orodha hiyo ni ya haki, lakini imeandikwa kwa kumfikiria mtu anayeketi kwenye kiti. Goma mizigo mingi husafiri juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao dereva wake huupigia goti moja, na mingine husafiri migongoni mwa wanawake, ikishikiliwa kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Lipoma ya sentimita 3 kwenye bega la mwalimu ni kitu cha kusahaulika. Kwenye bega la mbebaji magunia ni jiwe ndani ya kiatu. Inakwaruzwa, ngozi inachubuka, kidonda hakifungi. Tunathubutu kusema kwamba kazi ya mgonjwa ingestahili kuulizwa kabla ya ukubwa wa uvimbe.

Lililo zito zaidi ni kutofautisha. Kuna vifuko vya taka za ngozi, ambavyo kwa nje hufanana na lipoma, ila vimeshikamana na ngozi na mara nyingi vina kitobo cheusi juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 mpasuaji Astley Cooper alimwondoa mfalme George wa Nne wa Uingereza kifuko cha aina hiyo kichwani, akaja kupewa cheo cha heshima. Inasimuliwa kwamba alikuwa na hofu kubwa kuliko mfalme, maana siku hizo, kabla vijidudu havijajulikana, kidonda kidogo cha kichwani kiliweza kuua. Kuna pia ngiri, ambayo hutokeza kinenani au tumboni, na ukikohoa inasukumwa nje. Anayeipasua akidhani ni shahamu anaweza kukuta utumbo. Kwa wanaotoka maeneo ya mito iendayo kasi, huko usubi unakoeneza minyoo, kuna vinundu vigumu vinavyokaa juu ya mifupa ya nyonga na mbavu, navyo vina minyoo ndani. Na kwa mtoto mchanga mwenye donge la shahamu katikati ya kiuno, juu ya uti wa mgongo, kisu kisitajwe kabisa kituoni: shahamu hiyo yaweza kuwa imeungana na uti wenyewe, na kuikata ni kumlemaza.

Halafu iko liposakoma, saratani ya shahamu. Ni adimu, na kwa kawaida haianzi kutokana na lipoma ya kawaida. Lakini huvaa nguo za lipoma. Dalili zinazopasa kumsimamisha tabibu ni hizi: uvimbe umezidi sentimita 5, umekua upesi katika miezi michache, ni mgumu au umekazana na nyama ya chini, umo ndani ya msuli, hasa wa paja, umerudi baada ya kuondolewa. Namna nzuri ya kujua kama uko chini ya utando wa msuli ni kumwambia mgonjwa aukaze msuli huo. Uvimbe wa juu hubaki unacheza, uvimbe wa ndani hukazana au hupotea. Uvimbe wenye dalili hizi hauondolewi kituo cha afya. Hupelekwa hospitali ya rufaa, hupigwa picha, na kipande chake hupimwa kwanza.

4. Upasuaji wenyewe

Tuseme basi kwamba ni lipoma kweli, ya sentimita 4, iko juu ya bega, na mgonjwa ameridhia. Kazi huchukua kama nusu saa.

Kwanza tabibu huchora mpaka wa uvimbe kwa kalamu. Huonekana kama mchezo, lakini ni wa lazima: dawa ya ganzi ikishaingia ngozi yote itavimba, na uvimbe wenyewe utapotea machoni. Ngozi husafishwa kwa ayodini au kwa dawa nyingine ya kuulia vijidudu, ikazungushiwa vitambaa visafi.

Dawa ya ganzi inayotumika aghalabu ni lidokeini, iliyotengenezwa nchini Sweden na Nils Löfgren katika miaka ya 1940 na hadi leo ikiwa nguzo ya upasuaji mdogo duniani kote. Hudungwa kuuzunguka uvimbe na chini yake. Kipimo chake kina mpaka. Bila adrenalini, kanuni ya tahadhari ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Ikichanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu na kuichelewesha dawa mahali pake, ni hadi miligramu 7. Mtu wa kilo 60 basi asizidi miligramu 180 za ile isiyo na adrenalini, yaani mililita 18 za dawa ya asilimia moja. Dalili za kuzidisha ni kuwashwa na kufa ganzi ulimi na midomo, masikio kuvuma, kisha degedege. Ndiyo maana tabibu mwema huzungumza na mgonjwa muda wote. Mazungumzo hayo ni kipimo, si adabu peke yake.

Hapa tunarudi kidogo kwenye lugha. Ukimwambia mgonjwa kuwa utampa dawa ya usingizi, naye akajikuta yu macho na kisu kimo mwilini, ataruka. Atadhani dawa imekataa. Dawa ya usingizi, au nusukaputi kama isemwavyo Tanzania, ni ya mwili mzima na haina kazi hapa. Aambiwe ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa. Na aambiwe pia kwamba ganzi huua maumivu bila kuua mguso: atahisi kusukumwa, atahisi kuvutwa, wala hatahisi ukali. Akihisi ukali aseme, aongezwe dawa. Sentensi hizi mbili huokoa nusu ya hofu.

Ngozi huchanwa kwa mstari mmoja, ukifuata mikunjo yake ya asili, mistari ambayo Karl Langer wa Vienna aliichunguza katika karne ya 19. Jeraha linalofuata mikunjo hufunga vyema, lile linaloikata hutanuka. Urefu wa mstari si lazima ulingane na uvimbe, kwani shahamu ni laini na hukubali kukamuliwa kupitia tundu dogo. Tabibu hushuka hadi auone ule utando, manjano yake iking'aa kati ya manjano ya kawaida, kisha huacha kukata. Kutoka hapo ni kuambua: kwa ncha ya mkasi butu au kwa kidole huutenga utando na nyama ya jirani pande zote, mpaka donge lote lijitokeze kama kokwa inayochopolewa ndani ya tunda lililoiva. Kwa nyuma hukutwa kimshipa kidogo cha damu kinacholilisha. Hufungwa au huchomwa. Uvimbe wa kisogoni na wa paji la uso huwa mkaidi zaidi. Ule wa kisogoni umegawanyika kwa nyuzi ngumu, na ule wa paji mara nyingi umejificha chini ya msuli.

Kishikwe kitenzi hicho kuambua. Lugha ya hospitali imezoea kupasua, na Kongo husikika kupasula. Ni kitenzi cha kuni na mbao. Kimekwisha kutupatia upasuaji, hatuwezi kukifukuza, lakini hakielezi kinachotendeka hapa, ambapo kinachokatwa ni ngozi tu na kilichobaki ni kubandua. Atakayesema tutachana ngozi kidogo, tutaliambua donge, tutashona, atakuwa amesema kweli zaidi na kutisha kidogo zaidi ya yule asemaye tutakupasua.

Donge likishatoka hubaki shimo. Shimo lisipozibwa hujaa damu au majimaji, na hiyo ndiyo kasoro inayotokea mara nyingi baada ya upasuaji huu. Huzibwa kwa nyuzi za ndani zinazoyeyuka, kisha ngozi hushonwa, kisha huwekwa shashi na bendeji ya kubana. Tabibu achukue hadhari na mahali penye mishipa ya fahamu karibu na ngozi: pembeni mwa shingo, kwapani, mbele ya sikio. Mshipa mmoja ukikatwa pembeni mwa shingo, bega litalegea, na mbebaji mizigo atakuwa amepoteza zaidi ya alichokuja kukiondoa.

5. Siku za baadaye

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, za mgongoni na mabegani baada ya 10 hadi 14. Katikati ya siku hizo ndipo Mabanga yenyewe inapoingia katika tiba. Vumbi la lava ni jingi wakati wa kiangazi. Maji kwa nyumba nyingi ni ya bidoni, yanabebwa, na mengine yametoka ziwani moja kwa moja. Maji ya namna hiyo yasiguse jeraha kabla ya kuchemshwa. Aambiwe hasa siku ngapi asibebe: majuma mawili walau, kwa uvimbe wa bega au mgongo. Hapa ushauri hukutana na mfuko. Majuma mawili bila mzigo ni majuma mawili bila chakula cha watoto, na mgonjwa asiyeambiwa mapema atabeba siku ya tatu na mshono utafumuka. Ni afadhali achague mwenyewe lini afanyiwe, hata kama ni baada ya miezi sita, lipoma humngoja.

Jingine la kumwambia ni kovu. Ngozi nyeusi ina tabia zaidi ya kuota keloidi, lile kovu linaloinuka na kupita mipaka ya jeraha, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Aliyewahi kuipata baada ya chale au chanjo aulizwe kabla, maana huenda akabadilisha uvimbe usioonekana kwa kovu linaloonekana.

Lipoma iliyotolewa pamoja na utando wake wote ni nadra kurudi. Wapo wanaoinyonya kwa mrija kupitia tundu dogo; kovu huwa dogo zaidi, lakini utando hubaki, na pamoja nao uwezekano wa kuota upya.

Mahali pa kufanyiwa hapakosekani Goma wakati wa amani. Mji una hospitali ya mkoa, una hospitali za makanisa, na una HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000 na daktari wa upasuaji Jo Lusi na mkewe Lyn. Lakini mji huu umetekwa na waasi wa M23 mara mbili, Novemba 2012 na Januari 2025, na katika majuma yale ya 2025 hospitali kama CBCA Ndosho zilijaa majeruhi wa risasi na mabomu kupita vitanda vyake. Nani atakwenda siku hizo na donge la bega? Anasubiri, na ni sawa asubiri, ikiwa kweli ni lipoma. Ndiyo maana dalili za hatari tulizozitaja zinafaa kujulikana na mgonjwa mwenyewe, siyo na tabibu peke yake: ndizo zinazomwambia ni nani anayeweza kungoja vita vipite na nani asiyeweza.

6. Maneno ya kuomba idhini

Tunatoa hapa mfano wa maelezo, kwa Kiswahili chepesi kinachoweza kueleweka Mabanga na kwingineko. Heshima ya hapo ni Papa na Mama, hata kwa mtu asiyemzidi sana msemaji umri, naye mgonjwa atamwita tabibu munganga.

“Mama, hili donge ni mafuta ya mwili yaliyojikusanya pamoja. Si jipu, halina usaha, halitaiva. Kwa jinsi ninavyolishika, halisambai. Halikutokana na chakula, wala hakuna aliyekutupia. Ukitaka libaki, linaweza kubaki, ila urudi ukiona linakua upesi, linakuwa gumu au linauma. Ukitaka litoke, nitakupiga sindano ya ganzi hapo hapo penye donge. Hutalala. Utahisi ninavuta, hutahisi ukali, na ukihisi uniambie. Nitachana ngozi, nitaliambua, nitashona. Utabaki na kovu. Unaweza kuvimba kidogo kwa damu; jeraha likitoa usaha au ukipata homa, urudi siku hiyo hiyo. Kwa majuma mawili usibebe mzigo. Sasa niambie, wewe umeelewa nini?”

Swali la mwisho ndilo tunaloliona zito kuliko yote yaliyotangulia. Mgonjwa akiulizwa kama ameelewa, atajibu ndiyo, kwa heshima. Akiulizwa ameelewa nini, atasema kwa maneno yake, na humo litajitokeza jipu, au dawa ya usingizi, au mafuta ya kukaangia, likasahihishwa kabla kisu hakijashikwa.

Kimebaki kitu kimoja ambacho maelezo ya namna hii husahau: donge lenyewe. Halitupwi. Linatiwa katika formalini, linapelekwa kwa mtaalamu wa kuchunguza nyama kwa hadubini, kwa kuwa macho na vidole vya mpasuaji hodari zaidi vinaweza kudanganywa na liposakoma. Wataalamu hao ni wachache mashariki mwa Kongo, na majibu huweza kuchukua majuma. Katika majuma hayo mtu wa Mabanga anaweza kuwa amehamia Bukavu kwa ndugu, au amevuka kwenda Gisenyi. Kwa hiyo mgonjwa apewe karatasi yake siku ile ile ya upasuaji, iliyoandikwa kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa: donge lilitolewa wapi mwilini, lilikuwa na ukubwa gani, limepelekwa kupimwa wapi, na kwa namba ipi. Hospitali yoyote atakayofikia itajua pa kuanzia.